I-375 ya Detroit: kwa nini mji utake kuifukia barabara kuu yake

Kila picha ya barabara hii inapozunguka kwenye simu zetu, swali huwa lile lile: watu wana barabara kuu ya lami, haina taa, haina kipilefti, halafu wanataka kuifukia? Huku kwetu tunaomba usiku na mchana tupate barabara za juu, wao wanataka kurudi kwenye taa nyekundu na vivuko vya waenda kwa miguu. Agosti 2025 Idara ya Usafirishaji ya Jimbo la Michigan ilipotangaza kuusitisha mradi wenyewe, baada ya makadirio ya gharama kuruka kutoka karibu dola milioni 300 hadi zaidi ya milioni 500, maneno yakazidi. Wapo waliosema mradi umekufa. Wapo waliosema wenyeji wameukataa. Na wapo waliokuwa wakizungumzia barabara nyingine kabisa iliyoko Florida.

Swali ni la haki na linastahili jibu lililonyooka. Ila nitaanzia mbali kidogo, maana anayeitazama I-375 kama lami na zege tu hataelewa kwa nini kila mkutano wa wahandisi kuhusu barabara hii hugeuka kuwa mazungumzo ya mababu, nyumba na hati za viwanja.

Barabara yenyewe, na namba yake

I-375 iko katikati ya jiji la Detroit, jimbo la Michigan. Urefu wake ni kama kilomita 1.7. Ukishuka daladala mwanzo wake na kwenda kwa mguu bila haraka, hutamaliza nusu saa. Huanzia inapoachana na I-75 na kuteremka kusini hadi Jefferson Avenue, karibu na mto ambao ng'ambo yake ni Kanada. Ni miongoni mwa barabara fupi kabisa za mtandao wa interstate zenye vibao vyake, na ndiyo fupi kuliko zote Michigan.

Neno interstate huwapotosha wengi. Kwa maana ya juu juu ni barabara ya kati ya majimbo, kwa hiyo mtu hudhani lazima ivuke mpaka wa jimbo. Si lazima. I-375 haitoki hata nje ya jiji la Detroit. Hawaii, iliyo katikati ya bahari na isiyopakana na jimbo lolote, nayo ina barabara za interstate. Jina hilo linahusu mtandao ambao barabara imo, viwango vilivyotumika kuijenga, na mfuko uliolipa. Kiwango kikubwa ni kwamba hakuna njia panda: huwezi kuingia wala kutoka ila mahali palipotengwa, hakuna taa ya kukusimamisha, na hakuna mtu anayevuka kwa miguu. Barabara nyingine zikitaka kupita, zitapita juu kwa daraja au chini.

Namba nazo zina lugha yake, na ukiifahamu utaisoma ramani ya Marekani kama unavyosoma majina ya watu. Chukulia mtoto anayebeba jina la baba. I-75 ni baba: barabara ndefu inayotoka karibu na Miami kusini hadi mpaka wa Kanada kaskazini. Watoto wake hubeba 75 mwishoni, na tarakimu ya mbele ndiyo jina lao wenyewe. Tarakimu hiyo ikiwa shufwa, mara nyingi barabara inauzunguka mji au inaupita kisha inarudi kwenye mkondo. Ikiwa witiri, kama 3, ni tawi linaloingia mjini na kuishia humo. Hivyo I-375 ni tawi la I-75 linalokwenda katikati ya mji na kukoma. Na kwa kuwa baba anapita majimbo mengi, jina la mtoto laweza kurudiwa katika jimbo jingine. Ndiyo maana kuna I-375 nyingine huko St. Petersburg, Florida. Ukiona picha yenye minazi, umepotea njia.

Jambo la mwisho kuhusu umbo lake: I-375 haikuinuliwa juu, ilichimbwa chini. Ni handaki refu lililo wazi, lenye kuta za zege, na magari yanakimbia humo chini. Anayesimama kwenye daraja la mtaa wa Lafayette anayaona kwa chini kama mtu anayetazama mto kutoka juu ya ukingo. Upande wa magharibi ni Greektown, na maghorofa ya katikati ya jiji yako karibu kiasi cha kusoma maandishi yake. Upande wa mashariki ni makazi tulivu ya Lafayette Park, yenye miti mikubwa. Ukipiga kelele utasikika ng'ambo, lakini ukitaka kufika, sharti ulitafute daraja.

Palikuwa na nini kabla ya handaki

Palikuwa na mtaa uitwao Hastings.

Eneo lote la mashariki mwa katikati ya jiji liliitwa Black Bottom, na hapa kuna kosa la kwanza la kusahihisha. Wengi hudhani jina hilo lilitokana na rangi ya wakazi. Sivyo. Wakulima wa Kifaransa waliofika huko zamani waliliita hivyo kwa sababu ya udongo wake mweusi wenye rutuba. Kabla ya Wamarekani weusi walikaa humo wahamiaji kutoka Ulaya, Wayahudi wakiwemo. Weusi walianza kumiminika kutoka majimbo ya kusini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakikimbia ukatili wa huko na kufuata kazi za viwanda vya magari. Ford alikuwa ametangaza mwaka 1914 malipo ya dola 5 kwa siku, habari iliyosafiri mbali kuliko treni. Mwaka 1910 Detroit ilikuwa na Wamarekani weusi wasiofika 6,000. Mwaka 1930 walikuwa karibu 120,000.

Watu wote hao walikaa wapi? Jibu la swali hili ndilo uzi wa habari yote inayofuata. Hawakuweza kukaa watakako. Hati za nyumba katika mitaa mingi ya Detroit zilikuwa na kifungu kinachomkataza mwenye nyumba kuuza au kupangisha kwa mtu mweusi. Ilikuwa hati halali, yenye muhuri, na jirani angeweza kukupeleka mahakamani ukiikiuka. Yaliwapata Orsel na Minnie McGhee, mke na mume walionunua nyumba mtaa wa Seebaldt, Detroit, mwaka 1944. Majirani waliwashtaki watoke kwenye nyumba yao wenyewe, na mahakama za Michigan zikawaunga mkono majirani. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, wakili wao akiwa Thurgood Marshall, na mwaka 1948 majaji wakaamua kwamba mahakama haziwezi kutumika kutekeleza vifungu vya namna hiyo. Akina McGhee walibaki nyumbani kwao. Lakini kufikia hapo maelfu kwa maelfu ya watu walikwisha kubanwa kwenye mitaa michache, wengi wao wakiwa wapangaji, chumba cha familia moja kikikaa familia mbili au tatu.

Na bado waliujenga mji ndani ya mji. Hastings ilikuwa na maduka ya dawa, vinyozi, hoteli, ofisi za madaktari na mawakili, makanisa, na kumbi za muziki. Upande wake wa kaskazini, uliojulikana kama Paradise Valley, ulipigiwa muziki na watu kama Duke Ellington na Ella Fitzgerald. Bondia Joe Louis alikulia Black Bottom. Coleman Young, aliyeshika hatamu mwaka 1974 kama meya wa kwanza mweusi wa Detroit, alikulia humo pia. Sitaki kuipaka sukari: nyumba nyingi zilikuwa za mbao zilizochakaa, vyoo vibovu, wenye nyumba wakichukua kodi kubwa kwa vyumba vidogo kwa sababu walijua mpangaji hana pa kwenda. Anayesema "ulikuwa mtaa wa mabanda tu" anasema robo ya ukweli. Robo tatu iliyobaki ni namna msongamano ule ulivyotengenezwa, kifungu kwa kifungu, kwenye hati za mitaa mingine.

Wekundu usioonekana

Mtu wa Dar es Salaam anaijua alama ya X. Unaamka asubuhi, unaikuta imepigwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wako, unajua nyumba imo kwenye hifadhi ya barabara na saa imeanza kuhesabu. Ni jambo la uchungu, lakini angalau unaiona.

Wakazi wa Black Bottom walipigwa yao bila kuiona. Katika miaka ya 1930 chombo cha serikali ya shirikisho cha mikopo ya nyumba kilichora ramani za miji mikubwa na kuipaka mitaa rangi kwa kiwango cha hatari ya kuikopesha. Mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu. Ramani zilikaa maofisini, na matokeo yakashuka mtaani polepole: ukitaka mkopo wa kununua nyumba hupati, ukitaka wa kukarabati paa hupati. Nyumba isiyokarabatiwa huchakaa. Ikichakaa, thamani inashuka. Ikishuka, mhandisi anayetafuta pa kupitisha barabara kwa bei nafuu anaona pamejitokeza penyewe.

Hapo ndipo sheria mbili zilipokutana. Ya kwanza ni Sheria ya Nyumba ya 1949, iliyotoa fedha za shirikisho kwa miji ibomoe makazi yaliyohesabiwa kuwa duni na kuyajenga upya. Ya pili ni Sheria ya Barabara Kuu ya 1956, aliyoitia saini Rais Dwight Eisenhower, iliyoanzisha mtandao wa maili 41,000. Ndani yake mlikuwa na kishawishi kikubwa: serikali ya shirikisho ingelipa asilimia 90 ya gharama. Fikiria unaandaa harusi, halafu mjomba anasema katika kila shilingi 10 yeye atatoa 9, mradi iwe harusi ya namna anayoitaka yeye. Kamati gani itamkatalia? Meya Albert Cobo, aliyeiongoza Detroit kuanzia 1950 hadi 1957, aliamini kwamba barabara za kasi ndizo zitakazouokoa mji wa kati usipoteze wateja kwa vitongoji. Miji mingi ya Marekani iliamini hivyo.

Sasa fidia. Mwenye nyumba alilipwa bei ya soko, na bei hiyo ilikuwa imekwisha kukandamizwa na ile ramani nyekundu. Mpangaji je? Mpangaji alipewa notisi. Sheria ya shirikisho iliyoweka viwango vya msaada kwa wanaohamishwa na miradi ya namna hii, wapangaji wakiwemo, ilikuja mwaka 1970. I-375 ilikuwa imefunguliwa mwaka 1964.

Nani hasa alibomoa nini

Hapa naomba tutulie, maana ndipo wasimuliaji wengi wanapoteleza, hata wenye nia njema.

Utasikia kwamba I-375 iliifuta Black Bottom. Si sahihi kabisa. Sehemu kubwa ya Black Bottom ilibomolewa kwanza, kwa fedha za nyumba na si za barabara. Mradi wa Gratiot ulichukua ekari 129, na karibu familia 2,000 zikahamishwa tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Ahadi ilikuwa kujenga makazi mapya. Wawekezaji hawakujitokeza kwa wakati, na ardhi ikakaa wazi miaka kadhaa, magugu yakaota hadi watu wakalibatiza eneo lile jina la magugu hayo. Hebu liweke jambo hilo akilini: watu walitolewa kwa haraka kupisha nyasi. Baadaye ndipo ilipojengwa Lafayette Park, iliyosanifiwa na Ludwig Mies van der Rohe. Ni makazi mazuri kweli kweli, yanayosifiwa na wasanifu hadi leo, ila waliofukuzwa wengi hawakuimudu kodi yake.

Barabara ilikuja kumalizia. Chrysler Freeway, jina la jumla la I-375 pamoja na kipande cha I-75 kinachoendelea kaskazini, ilifuata mkondo wa Hastings, yaani uti wa mgongo wenyewe wa biashara. Ubomoaji wa nyumba ulikuwa umewaondoa wateja. Barabara ikaondoa maduka. Kwa hiyo ukitaka kuwa mkweli, sema ni mikono miwili: mmoja wa nyumba, mmoja wa barabara, yote ikilipwa kwa sehemu kubwa na serikali ya shirikisho.

Joe Von Battle alipigwa na yote mawili. Alikuwa na duka la sahani za muziki, Hastings namba 3530, alilolifungua mwaka 1945. Nyuma ya duka aliweka mitambo ya kurekodia. Hapo alirekodi wanamuziki wa blues waliotoka kusini na nyimbo zao, na alirekodi mahubiri ya Mchungaji C. L. Franklin, ambaye kanisa lake la New Bethel lilikuwa mtaa huo huo wa Hastings. Jumapili mahubiri hayo yalipigwa kwa vipaza sauti nje ya duka, wapita njia wakasimama kusikiliza. Mwaka 1956 alirekodi nyimbo za injili za binti wa mchungaji, msichana wa miaka 14. Ni Aretha Franklin, na hizo ndizo rekodi zake za kwanza.

Barabara ilipofika, Von Battle alifungasha sahani zake na kuhamia mtaa wa 12, upande wa magharibi, ambako waliohamishwa wengi walijazana. Ule msongamano wa Hastings ukahama nao. Julai 1967, katika mtaa huo huo wa 12, polisi walivamia baa iliyokuwa ikifunguliwa usiku bila kibali, na vurugu zilizofuata zikaua watu 43. Duka la Von Battle liliharibiwa. Kanda alizokuwa amezitunza kwa zaidi ya miaka 20 ziliharibika kwa moto na maji ya kuuzimia. Hakufungua tena. Alifariki mwaka 1973.

Sisemi kwamba barabara ndiyo iliyowasha moto wa 1967. Sababu zilikuwa nyingi, polisi wakiwa juu ya orodha. Lakini mtu aliyeng'olewa mahali alipozoeleka, akapelekwa mahali palipofurika, hana mizizi ya kumshika upepo unapovuma.

Kwa nini sasa

Miaka 50 ilipita. Madaraja yaliyojengwa pamoja na barabara yakazeeka, na katikati ya miaka ya 2010 Idara ya Usafirishaji ikawa na swali lisiloepukika: tufanye nini nayo? Hili linajibu dai la kwamba ni ubadhirifu kubomoa barabara iliyo nzima. Haikuwa nzima. Chukulia nyumba ambayo bati zake zimeoza. Pesa ya kuezeka utaitoa tu, utake usitake. Kinachobaki kuamuliwa ni kama unaezeka nyumba ile ile au unatumia nafasi hiyo kuibadili.

Na mji nao si ule uliochorewa barabara hiyo. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu karibu milioni 1.85. Sensa ya 2020 ilikuta 639,111. Nguo ya mtu mnene imebaki mwilini mwa mtu aliyekonda.

Baada ya miaka ya tathmini, serikali ya shirikisho iliidhinisha wazo mwaka 2022 na mwezi Septemba mwaka huo ikatoa ruzuku ya dola milioni 104.7. Mpango ni kulijaza handaki na kujenga juu yake barabara ya kawaida ya mjini, pana, yenye taa, miti, njia za miguu na za baiskeli, na kuyasuka upya makutano na I-75. Mitaa iliyokatwa ingeunganishwa tena.

Ukisikia haya, hofu ya foleni inakuja mara moja. Magari yote hayo yatakwenda wapi? Tumezoea kuyafikiria magari kama maji: ukiziba mfereji, yatafurika kwingine. Lakini gari lina dereva, na dereva ana akili. Ukichimba kisima karibu, ndoo huongezeka. Kisima kikiwa mbali, watu huchota kwa kipimo. Njia ikipungua, mmoja anapita mtaa wa pili, mwingine anabadili saa, mwingine anaunganisha safari mbili ziwe moja. San Francisco iliibomoa Embarcadero Freeway mwaka 1991 baada ya kuharibiwa na tetemeko la 1989, na ufukwe wake leo ni miongoni mwa sehemu zinazopendwa sana mjini humo. Rochester, jimbo la New York, kati ya 2014 na 2017 ilifukia upande wa mashariki wa barabara yake ya mzunguko, nayo ilikuwa handaki kama hili, na nyumba zikajengwa palipokuwa na lami. Sisemi hakuna atakayechelewa. Watakaochelewa dakika chache wapo. Ila tofauti ya dakika chache na maafa ni kubwa.

Ubishi wenyewe uko hapa

Kama wazo linapendwa, kwa nini wenyeji walilalamika? Hapa ndipo habari fupi za mitandaoni zinapopotosha zaidi. Waliolalamika, kwa sehemu kubwa, hawakutaka handaki libaki. Walitaka kinacholibadili kiwe bora.

Lalamiko la kwanza ni upana. Mchoro ulionyesha barabara yenye njia 6, na katika baadhi ya sehemu, ukihesabu njia za kukata kona, zikafika 9. Mama aliyeshika mkono wa mtoto, au mzee mwenye mkongojo, avuke njia 9 kabla taa haijageuka? Nakubaliana nao kabisa. Ukuta ulio wima ukiulaza chini, bado ni ukuta. Mtu anayetaka kuvuka hatajali kama kizuizi kinaitwa interstate au kinaitwa barabara ya mjini.

La pili ni zito zaidi. Handaki na miteremko yake vinakula ardhi nyingi. Vikishafukiwa, inabaki ziada ya ekari kama 30, katikati ya jiji, hatua chache kutoka kwenye maghorofa na uwanja wa michezo. Ardhi ya namna hiyo ina bei. Ikiuzwa kwa mnada wa kawaida, tunajua atakayeshinda, na si mjukuu wa kinyozi wa Hastings.

Basi irudishwe kwa wenyewe, utasema. Kwa nani? Sasa rudi kwenye ule uzi wa hati. Wengi wa walioishi pale hawakuwa na hati, kwa kuwa walikuwa wapangaji. Walikuwa wapangaji kwa sababu mikopo waliikosa, na mitaa mingine yenye nyumba za kuuzwa ilikuwa na vifungu vya kuwakataza. Kwa kukosa hati, hawakulipwa fidia wakati ule. Na kwa kukosa hati, leo wajukuu wao hawana karatasi ya kuonyesha mezani wakiulizwa, "Una dai gani hapa?" Waliokuwa wakifuatilia mradi huu walipendekeza njia mbalimbali: ardhi iwekwe chini ya amana ya jamii isiuzwe kiholela, sehemu itengwe kwa biashara za weusi, kuwe na nyumba za bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu, mapato yarudi kwa wazao wa waliohamishwa. Hakuna kati ya hayo linaloweza kufanywa na mhandisi wa barabara. Ni kazi ya sheria na siasa, na ndiyo sababu mojawapo mradi wa kilomita 1.7 umechukua muda mrefu hivi.

Kuna linalorudiwa sana, kwamba mradi "utairudisha Black Bottom". Hautairudisha. Hastings ilikuwa watu, kwa ukaribu wao na mazoea yao, na wengi wao wamekufa. Aliyekuwa na miaka 10 siku barabara inafunguliwa amevuka 70. Kinachowezekana ni kidogo na bado ni kikubwa: mitaa iungane, ardhi ipatikane, na swali la nani anufaike liulizwe wazi, tofauti na mara ya kwanza lilipojibiwa kwa ramani iliyofungiwa ofisini.

Kusitishwa kwa Agosti 2025 hakukufuta hata moja katika hayo, wala hakukuyafanya madaraja kuwa vijana. Siku utakaposoma kwamba mradi umefufuliwa, usianze na kiasi cha dola. Tafuta kwanza upana wa barabara mahali inapokutana na mtaa wa Lafayette na wa Larned, uhesabu njia. Kisha tafuta aya inayozungumzia zile ekari 30, na usome imeandikwa zitasajiliwa kwa jina la nani.